Gundi za Mimea: Je, Zaweza Kushika Mbao kwa Nguvu?

Usione vyaelea, vimeundwa. Ndivyo wasemavyo wazee. Twakaa kitini, twala mezani, twalala kitandani, wala hatuifikirii kazi ya yule aliyeviunda. Lakini siku mguu wa kiti unapolegea na mgeni mheshimiwa kuanguka mbele ya watu wa nyumba, hapo twauliza kwa uchungu: fundi huyu aliunganisha mbao zake kwa kitu gani?

Swali hilo ni la haki. Baba wa nyumba huweka fedha yake muda wa miezi mingi ili anunue kitanda au kabati. Seremala naye hulisha watoto wake kwa jina lake jema. Kabati moja likipasuka wakati wa mvua, jina hilo laharibika katika mtaa mzima. Msumari hauwezi kila kazi. Mlango wa kabati, uso wa meza na ubao wa tripleksi vyategemea gundi, ambayo wengi kwetu huiita kole.

Gundi nyingi zinazouzwa madukani hutengenezwa viwandani kwa mafuta ya petroli au kwa hewa ya ardhini, nazo hutoka mbali na bei yake hupanda. Lakini mashambani mwetu mna muhogo, mna soya, mna miti yenye magome mazito. Je, vitu hivyo vyaweza kutoa gundi yenye nguvu ya kweli? Wataalamu wa nchi mbalimbali wameshughulika na jambo hili kwa muda wa miaka mia na zaidi. Tutazame walichokiona.

Gundi hushikaje?

Ukitazama kipande cha mti kwa darubini, utaona kwamba kimejaa mirija myembamba, kama fungu la mabua. Gundi ikiwa bado majimaji huingia katika matundu hayo. Ikiisha kukauka, hushika mle ndani kama mizizi ishikavyo udongo. Tena chembe za gundi na chembe za mti huvutana zenyewe, zikikaribiana sana. Ndiyo sababu ubao uliopigwa randa vizuri hushika kuliko ubao uliokwaruzwa, na gundi nyembamba iliyobanwa hushika kuliko gundi nene iliyorundikwa.

Hapa pana fumbo. Mti ni rafiki wa maji: huyanywa wakati wa mvua na kuyatoa wakati wa kiangazi. Gundi ya mmea nayo ni rafiki wa maji, na kwa sababu hiyo hushikana na mti bila shida. Lakini urafiki huo ndio udhaifu wake. Maji yakirudi, chembe za gundi huuachilia mti na kuyafuata maji. Basi kazi ya kuitia nguvu gundi ya mmea, kwa sehemu kubwa, ni hii: kuzifunga chembe zake zenyewe kwa zenyewe, hata maji yasiweze kuzitenganisha tena.

Wanga wa muhogo

Nchi ya Kongo ni miongoni mwa nchi za kwanza duniani kwa mavuno ya muhogo. Kila mama ajua jinsi ya kupata wanga: mizizi humenywa, husagwa au kutwangwa, huoshwa kwa maji mengi na kuchujwa, yale maji meupe huachwa yatulie, na wanga hukaa chini. Wanga huo ukikorogwa kwanza katika maji baridi, kisha ukitiwa moto polepole, hubadilika ghafula. Joto likifika karibu na digrii 60 au 70, punje za wanga hunywa maji, huvimba na kupasuka. Uji mweupe wageuka kuwa kitu kizito, king'aavyo, kinachonata vidoleni. Hiyo ndiyo gundi.

Gundi hiyo hufaa sana kwa karatasi, bahasha na makasha ya katoni. Kwa mbao hushika nayo, ikiwa vitu vitakaa pakavu. Lakini ikiachwa hivyo ina adui watatu: maji, ukungu na wadudu wapendao wanga.

Viwandani huitia nguvu kwa boraksi, nayo ni chumvi nyeupe ichimbwayo ardhini. Boraksi huyeyushwa katika maji ya moto na kutiwa kidogo ndani ya uji wa wanga, mara nyingi pamoja na soda kali kidogo. Chembe za boraksi hufanya kazi ya kamba: huifunga mikono mirefu ya wanga, na gundi yawa nzito zaidi, hunata upesi zaidi, na ukungu hauipendi. Wengine huchanganya wanga na kole nyeupe ya dukani ili kupunguza gharama. Yapasa kukumbuka lakini kwamba boraksi ni sumu ikiliwa, na soda kali huunguza ngozi na macho. Sufuria ya gundi isirudi tena jikoni, na watoto wasichezee mabaki yake.

Hata ikitiwa boraksi, gundi ya wanga haifai kwa mlango wa nje, wala kwa kiti kiachwacho mvuani. Muuzaji asemaye kinyume cha hayo amdanganya mnunuzi.

Gundi za kiwanda na hewa ya nyumba

Mafundi wa Misri ya kale waliunganisha mbao kwa gundi iliyopikwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, na vyombo vyao vimeonekana makaburini baada ya miaka zaidi ya 3,000. Lakini gundi hiyo nayo huyeyuka kwa maji. Badiliko kubwa lilikuja mwaka wa 1907, Leo Baekeland alipopata njia ya kuunganisha fenoli na formaldehidi kwa joto na mkazo. Mtu huyo alizaliwa Gent, katika Ubelgiji, mwaka wa 1863, akahamia Marekani. Kitu alichokitengeneza kikawa kigumu kama jiwe, wala maji hayakukiweza. Baadaye ikatoka gundi nyingine ya bei nafuu, iliyofanyizwa kwa urea na formaldehidi. Urea ni ile ile ijulikanayo na wakulima kuwa mbolea.

Gundi hizo mbili zikaenea duniani kote katika mbao za tripleksi na katika mbao za chembechembe, zile zifanywazo kwa vumbi na vipande vya mti vilivyobanwa pamoja. Lakini ile ya urea ina kasoro. Joto na unyevu huivunja kidogo kidogo, nayo huachilia formaldehidi hewani. Hiyo ni hewa isiyoonekana, ichomayo macho na pua. Ikiyeyushwa majini ndiyo ile formoli itumikayo hospitalini. Mwaka wa 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Kansa, lililoko Lyon katika Ufaransa, lilitangaza kwamba formaldehidi huleta kansa kwa wanadamu, hasa katika sehemu ya juu ya koo, nyuma ya pua. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba hewa ya nyumbani isiwe na zaidi ya sehemu 1 ya kumi ya miligramu katika mita 1 ya ujazo, hata kwa muda wa nusu saa.

Mfano mmoja ulionyesha hatari hiyo wazi. Mwaka wa 2005 tufani iitwayo Katrina iliharibu pwani ya kusini ya Marekani, na serikali ikawapa watu waliopoteza makao nyumba ndogo za magurudumu. Wengi wakaanza kulalamika kwa kikohozi, maumivu ya kichwa na macho kuwasha. Kati ya Desemba 2007 na Januari 2008 wataalamu wa afya wa serikali walipima hewa ya nyumba 519 za namna hiyo. Kwa wastani waliona sehemu 77 za formaldehidi katika sehemu bilioni 1 za hewa, na katika nyumba moja walikuta 590. Mwaka wa 2010 sheria ya nchi nzima ilitungwa huko ili kuweka mpaka wa hewa hiyo itokayo katika mbao.

Tusiogope kupita kiasi. Gundi ya fenoli, ile nyeusi-nyekundu ya tripleksi za nje, huachilia hewa hiyo kidogo sana. Nyumba yenye madirisha yafunguliwayo huisukuma nje. Lakini chumba kidogo chenye joto, kilichofungwa usiku kucha, chenye kabati jipya la mbao za chembechembe na mtoto mchanga alalaye karibu nalo, hicho chastahili kuangaliwa.

Soya, na somo la kome

Soya si mgeni katika mambo ya gundi. Katika miaka ya 1920 mkemia I. F. Laucks, wa mji wa Seattle katika Marekani, pamoja na wenzake, walifanya gundi kwa unga wa soya uliokwisha kukamuliwa mafuta. Waliuchanganya na maji, chokaa na soda. Protini ya soya imejikunja kama uzi katika kibunda. Chokaa na soda huukunjua uzi huo, nao hupata nafasi ya kushikana na mti mahali pengi. Viwanda vya tripleksi vya pwani ya magharibi ya Marekani vilitumia gundi hiyo miaka mingi. Ilikuwa nafuu, ilishika vizuri mahali pakavu, na ilistahimili unyevu kidogo. Lakini ilipasa kutumiwa siku ile ile ilipochanganywa, na ilitia madoa katika mbao nyingine. Gundi za petroli ziliposhuka bei baada ya vita vya pili vya dunia, soya ikaachwa.

Aliyeirudisha ni mwalimu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, jina lake Kaichang Li. Alitazama kome wa baharini, wale wanyama wenye magamba mawili, jinsi wajishikizavyo miambani. Mawimbi huwapiga mchana na usiku, wala hawang'oki. Nyuzi zao ni protini, lakini protini ya namna ya pekee, iwezayo kushika hata ndani ya maji. Li akajiuliza: soya ni protini pia, kwa nini isifundishwe kushika kama kome? Akachanganya unga wa soya na rezini fulani iliyokuwa ikitumika katika viwanda vya karatasi, ili karatasi isiraruke ikilowa. Katika joto la mashine ya kubania mbao, rezini hiyo huzifunga nyuzi za soya kwa kamba ambazo maji hayazifungui.

Kampuni ya Columbia Forest Products ilianza kuitumia gundi hiyo katika tripleksi zake mwaka wa 2005. Katika mwaka wa 2006 peke yake ilichukua nafasi ya ratili zaidi ya milioni 47 za gundi ya formaldehidi, yaani kama tani 21,000. Mwaka wa 2007 Li na kampuni zilizoshirikiana naye walipewa tuzo ya taifa ya Marekani kwa kemia isiyodhuru. Basi si ndoto tena: jamii ya kunde imeshinda katika kazi iliyodhaniwa kuwa ya petroli tu. Lakini tuseme kweli yote: rezini ile si mmea, bali kitu cha kiwanda. Mmea ulipata nguvu kwa sababu ulisaidiwa.

Magome ya akasia

Mmea wa tatu ni akasia nyeusi. Asili yake ni kusini-mashariki ya Australia. Katika karne ya 19 ulipelekwa Afrika ya Kusini, na baadaye ukapandwa katika nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, Rwanda, Burundi na Kivu. Kwetu watu huupendea kuni na makaa. Lakini gome lake lina tanini nyingi, mara nyingi karibu theluthi moja ya uzito wake likiwa kavu. Tanini ni kile kitu kichungu kikazacho ulimi unapotafuna gome au ndizi mbichi. Ndicho kitumikacho tangu zamani kugeuza ngozi mbichi ya ng'ombe iwe ngozi ya viatu.

Tanini hutolewa kwa kuloweka magome katika maji ya moto, kisha maji hayo hukaushwa yabaki unga. Kwa umbo lake tanini ni ndugu wa fenoli, na kwa sababu hiyo yaweza kuchukua mahali pake katika gundi. Tangu mwanzo wa miaka ya 1970 viwanda vya Afrika ya Kusini vimetumia gundi ya tanini kwa mbao za chembechembe na tripleksi, na mtaalamu Antonio Pizzi alifanya kazi kubwa huko. Gundi hiyo hustahimili mvua na jua. Tena yaweza kukazwa kwa kitu kiitwacho heksamini, na hewa ya formaldehidi itokayo huwa kidogo sana.

Yafaa kujua, hata hivyo, kwamba kuchemsha magome nyuma ya nyumba hakutoshi kupata gundi hiyo. Yahitaji tanini nzito, kipimo halisi na mashine ya kubana yenye joto. Tena mti huu hunywa maji mengi na huenea ovyo usipotunzwa. Afrika ya Kusini yenyewe hutumia fedha nyingi kuung'oa mahali ulipovamia. Lakini penye miti inayokatwa kila siku kwa makaa, na magome yake yakitupwa au kuchomwa bure, hapo mali yapotea.

Je, tuugeuze mkate kuwa gundi?

Msomaji mmoja atauliza: watoto wetu wana njaa, nasi twataka kupaka muhogo na soya juu ya mbao? Swali hilo ni jema, wala lisipuuzwe. Soya ndiyo protini ya yule asiyeweza kununua nyama. Uji wake umewainua watoto wengi waliodhoofika. Hakuna kabati lenye thamani kuliko mtoto.

Lakini si kila kilichomo shambani hufika chunguni. Mizizi iliyovunjika au kucheleweshwa, isiyonunuliwa sokoni, bado ina wanga. Unga wa soya uliokamuliwa mafuta ukiharibika, haufai tena kuliwa na mtu. Gome la akasia halili mtu yeyote. Tena gundi hutumika kidogo: mfuko mmoja wa wanga waunganisha vyombo vingi. Mkulima akipata mnunuzi wa pili kwa mazao yake hafifu, aweza kupata karo ya shule bila kupunguza sahani ya jioni. Kanuni iwe hii: kwanza nyumba ishibe, ndipo mabaki yaende karakanani.

Mashauri kwa fundi na kwa mnunuzi

Ewe fundi, kabla ya kulaumu gundi, tazama mbao zako. Ubao mbichi haushiki. Uache ukauke vema. Upige randa siku ile ile ya kuunganisha, ufute vumbi na mafuta. Usitegemee gundi juu ya kichwa cha ubao uliokatwa, maana mirija iliyo wazi huinywa yote. Fanya ulimi na tundu, ili ubavu ukutane na ubavu. Paka nyembamba pande zote mbili, bana sawasawa, wala usifungue kwa haraka.

Kisha ijaribu gundi yako kabla ya kumwuzia mtu. Unganisha vipande viwili vidogo; vikikauka, vivunje kwa nguvu. Nyuzi za mti zikiraruka, gundi imeushinda mti, nayo ni njema. Vikiachana safi pale pale kwenye gundi, ni dhaifu. Fanya vipande vingine, uviloweke majini usiku na mchana, uvivunje tena. Viwanda vifanyavyo tripleksi za nje hufanya zaidi: huchemsha vipande saa 4, huvikausha saa 20, huvichemsha tena saa 4, ndipo huvipasua. Jaribio la ndoo moja ya maji halikugharimu kitu, nalo litakuepusha na aibu.

Nawe mnunuzi, uliza: chombo hiki kitakaa ndani au nje? Kimeshikwa kwa gundi gani? Kabati jipya likiwa na harufu ichomayo macho, liache mahali penye hewa siku nyingi kabla ya kuliweka chumbani mwa watoto, na madirisha yafunguliwe. Wala usimbane fundi kwa bei hata alazimike kukudanganya. Mara nyingi kiti kiangukacho kilianza kuanguka siku ya mapatano.

Twaweza sasa kulijibu swali letu. Ndiyo, gundi za mimea zaweza kushika mbao kwa nguvu: wanga kwa vitu vya pakavu, soya na tanini hata kwa vitu vya unyevu, zikisaidiwa na ufundi ulio sawa. Muhogo u shambani, soya i ghalani, magome ya mlimani. Kinachohitajika ni watu wa karakana, wa shule za ufundi na wa mashamba washikamane, kama vile mbao mbili zishikamanavyo zikibanwa vizuri. Na kazi yao ikiwa njema haitahitaji kelele sokoni, maana kizuri chajiuza.